Hatuna theluji, ila tuna kuta za tope

Mama zangu na wadogo zangu, mada ya wiki hii ni upepo, mvua ya mawe na mtoto wako. Ni ndefu, nimeigawa sehemu 8. Soma ukishalaza watoto, halafu mpe simu baba yao naye asome.

1/8

Kila mwaka mwezi wa pili na wa tatu, wenzetu wa Ulaya na Marekani wakiwa wanamalizia majira yao ya baridi, kwenye makundi yetu ya WhatsApp zinaanza kuzunguka zile video za tufani ya theluji. Upepo unavuma milimani, theluji inashuka mpaka vijiji vya chini, magari yamefukiwa, mtu anachimba njia ya kutokea mlangoni kwake kwa koleo. Na maoni ni yaleyale: "Jamani Mungu katupendelea", "Mimi ningekufa siku ya kwanza tu", halafu vicheko.

Sina ugomvi na kumshukuru Mungu. Ninachokataa ni lile wazo kwamba dhoruba na barafu ni mambo ya wazungu. Mwezi huohuo wa tatu sisi Tabora tuko ndani ya mvua za msimu, na juu ya vichwa vyetu kuna mawingu yenye barafu na upepo wa kuezua paa. Wenzetu nao wanapata vifo, tusidanganyane. Ila walishakubali zamani kwamba baridi inaua, wakajenga nyumba kwa kuihesabu. Sisi bado tunajenga kana kwamba dhoruba ni mgeni aliyepotea njia.

Hoja yangu ni moja: nyumba anayolala mtoto ni suala la afya, kama chanjo, kama chandarua. Na mama awe na sauti juu yake.

2/8

Tukumbushane Mwakata.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, jirani na Isaka ile ya bandari kavu. Siyo mbali kwetu. Treni ya Tabora kwenda Mwanza inapita Isaka. Ilishuka mvua kubwa yenye mawe na upepo mkali, watu wakiwa wamelala. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, mamia ya nyumba yalibaki vifusi. Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, alifika mwenyewe kuwapa pole wananchi.

Hapo hapakuwa na mlima wala theluji. Ilikuwa nchi tambarare kama yetu, udongo kama wetu, na nyumba kama nyingi mnazozijua ukitoka mjini kidogo tu kwenda Uyui, Nzega, Sikonge au Urambo.

Watu wakisikia habari ile wanasema "mvua ya mawe iliua watu". Sawa, ndiyo lugha yetu. Lakini jiulize kidogo. Jiwe la barafu likikupata kichwani litakuumiza, mtoto mchanga linaweza kumuua kabisa. Ila ukiwa ndani ya nyumba umelala, linakupataje? Linakupata kama paa limeondoka. Na mara nyingi hata kabla barafu haijakufikia, ukuta umeshakuangukia. Nyumba za tope zilizolowa na kupigwa na upepo ndizo zinazogeuza mvua kuwa msiba.

3/8

Kuna mama aliniuliza inboksi: barafu inatoka wapi na hapa kuna joto? Swali zuri. Nijibu kwa kifupi.

Ukipanda juu, hewa inapoa. Kila mita 1,000 inapungua nyuzijoto karibu 6. Ndiyo maana kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, kina barafu ingawa chini Moshi watu wanatoka jasho. Sasa Tabora tuko kwenye mita kama 1,200. Siku yenye joto kali na unyevunyevu, hewa ya chini inapanda kwa nguvu na kujenga wingu refu sana, wakati mwingine linapita mita 10,000, yaani juu kuliko Kilimanjaro mara mbili hivi. Huko juu matone yanaganda. Upepo unayarusha juu tena na tena, yanazidi kunenepa. Yakishakuwa mazito kuliko nguvu ya upepo, yanaanguka. Yanashuka pamoja na hewa baridi inayogonga ardhi na kusambaa kwa kasi. Ule upepo wa ghafla wenye vumbi unaotangulia mvua, unaofunga madirisha wenyewe, ndiyo huo.

Kwa hiyo mlima wa barafu tunao, tena unatembea. Ukiona wingu jeusi limesimama kama ukuta na upepo umegeuka kuwa wa baridi ghafla, una dakika chache tu. Hiyo siyo saa ya kukimbilia kuanua nguo huku mtoto kamlalia kitandani peke yake.

4/8

Sasa tuongee ujenzi. Najua mtasema nesi na matofali wapi na wapi. Subirini.

Tofali mbichi ni zuri likiwa kavu. Likilowa linarudi kuwa tope, na linaanza kulowa chini, pale maji ya paani yanapodondokea na kurukia ukutani. Ukuta unaliwa taratibu miguuni, msimu wa kwanza, wa pili, huku juu unaonekana mzima na umepakwa chokaa. Ni kama mgonjwa wa presha: haumi popote mpaka siku anaanguka.

Kitu cha pili ni paa. Bati ni jepesi. Upepo ukiingia chini yake kupitia mlangoni au kwenye uwazi wa upenuni, unalisukuma juu. Kama kenchi zimekaa tu juu ya ukuta bila kufungwa, paa linaondoka zima zima. Na paa ndilo lililokuwa limeshikilia vichwa vya kuta. Likiondoka, ukuta mrefu uliolowa unabaki umesimama peke yake mbele ya upepo. Unaangukia wapi? Nusu ya uwezekano ni ndani, penye kitanda.

Yale mawe tunayopanga juu ya bati ili lisiruke ni hatari juu ya hatari. Upepo ukizidi, unaruka na bati na jiwe.

Mababu zetu walilijua hili kuliko sisi. Tabora ni mji wa njia ya msafara, toka Bagamoyo mpaka Ujiji. Nendeni Kwihara mkaangalie lile tembe walilokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa ni makumbusho. Kuta nene, nyumba imeinama chini, paa bapa, upepo hauna pa kushika. Sisemi turudi kwenye tembe. Nasema nyumba ile ilijengwa na watu walioitazama nchi yao kwanza. Hata wapagazi wa Kinyamwezi walipanga safari za pwani kwa majira: kiangazi wako njiani, mvua zikikaribia wengi walitaka kuwa nyumbani wakalime. Kalenda yao iliheshimu mvua. Sisi tuna simu zenye utabiri wa hali ya hewa mkononi na bado mvua ya kwanza ya Novemba inatukuta paa halijapigwa msumari.

5/8

Hapa ndipo nataka tugombane vizuri.

Kwenye hii mikoa ya tumbaku, nimeona mara nyingi mwanaume anakagua bani la kukaushia tumbaku kabla ya msimu. Anaziba, anafunga, anabadilisha fito. Kwa nini? Kwa sababu hela iko mle. Na mkulima wa tumbaku anaijua mvua ya mawe kuliko mtu yeyote: jani likitobolewa, daraja linashuka, hesabu ya mwaka imeharibika. Sasa baba huyohuyo, nyumba anayolala mke na watoto wanne ina ufa unaoingia kiganja, toka mwaka juzi. Akiulizwa, "tutaangalia tukiuza".

Siwachukii akina baba, nyinyi mnaosoma hapa mpo wengi na mnajitahidi. Nasema mpangilio wetu umekaa upande. Nyumba inaamuliwa na mwanaume na fundi. Mama anaonyeshwa chumba. Lakini ukuta ukimwangukia mtoto, ataulizwa nani? "Mama yake alikuwa wapi?" Nimelisikia swali hilo wodini, anaulizwa mama ambaye mkono wake mwenyewe uko kwenye plasta. Huwezi kumpa mtu lawama ya kitu ambacho hukumpa sauti juu yake.

Na sisi watu wa afya tusijitoe. Kliniki tunamuuliza mama: mtoto analala kwenye chandarua? Amepata chanjo? Anakula nini? Choo mnacho? Maswali mazuri yote. Mbona hatuulizi: mtoto analala upande gani wa nyumba, ukuta ule ni wa nini, una ufa? Swali la sekunde kumi. Ningependa lianze kuulizwa, na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba ndio wangelianza, kwa sababu wao ukuta wanauona kwa macho.

Majibu ninayopata nikisema haya ni matatu.

La kwanza: "Hela hatuna." Nakubali, nyumba ya tofali za kuchoma na mkanda wa zege juu ya madirisha, ule mafundi wanaouita lenta, siyo hela ya mboga. Lakini kufunga kenchi kwa waya siyo sawa na kujenga upya. Mtaro unachimbwa kwa jembe. Kuhamisha kitanda ni bure.

La pili: "Ni mapenzi ya Mungu." Mvua ni ya Mungu. Msumari ni wetu. Mbona hatumwachii Mungu mlango bila komeo?

La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: "Ile ilitumwa." Hasa kukiwa na radi. Nasema kwa heshima, kwa sababu najua uchungu wa kufiwa unatafuta mtu wa kumkamata: lawama ya namna hiyo imeshavunja koo na kuwafukuza bibi zetu makwao, na haijawahi kuimarisha ukuta hata mmoja. Msimu unaofuata ufa uko palepale.

Waswahili wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa tofali mbichi mimi naongeza: usipoziba ufa unaweza kuchimba kaburi.

6/8

Ya kufanya kabla ya mvua. Kwetu msimu ni Novemba mpaka Aprili, kwa hiyo kazi hii ni ya Septemba na Oktoba. Kama mvua imeshakukuta, anza na zile za bure.

• Zunguka nyumba yako na tochi, ndani na nje. Angalia pembe za kuta na chini kabisa. Ufa unaopanda kutoka chini hadi juu, au ukuta uliovimba tumbo, siyo wa kusubiri.

• Kitanda cha watoto kitoke kwenye ukuta mrefu usio na msaada. Weka karibu na ukuta wa katikati ulio imara, mbali na dirisha.

• Chimba mtaro maji yasisimame kwenye msingi. Ndoo unazokingia maji ya bati zinasaidia mara mbili: maji unayo, na ukuta haurukiwi na tope.

• Mwite fundi afunge kenchi na kuta kwa waya mzito, na aongeze misumari ya bati pembezoni, maana upepo unaanzia pembeni kufunua. Mawe yashuke.

• Punguza matawi makubwa yaliyo juu ya paa. Lakini msikate miti yote. Tumeshafyeka sana kwa ajili ya kukaushia tumbaku na kuchoma mkaa, upepo unakuja mbio bila kizuizi. Panda miti mbali kidogo na nyumba, upande upepo unakotokea.

• Akina mama wa vikoba, hili ni letu. Tunachangia vyombo, tunachangia sare za harusi. Wekeni mfuko mmoja wa paa: kila mwezi nyumba ya mwanachama mmoja inakaguliwa na kufungwa. Mwaka mmoja nyumba 12 ziko salama, na hakuna aliyekopa.

• Sikiliza redio. Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ukisikia mkoa wako umetajwa, usiku huo watoto wasilale kwenye chumba chenye ufa, hata kama mtabanana sebuleni.

7/8

Dhoruba ikikukuta.

Kama uko ndani na nyumba ni imara, baki ndani. Funga milango na madirisha. Wakusanye watoto pembeni ya ukuta wa katikati, mbali na vioo, mfunike vichwa kwa godoro. Hakuna godoro la ziada? Mito, mablanketi yaliyokunjwa, hata sufuria kichwani mwa mtoto. Cheka tu, fuvu lake litakushukuru. Meza imara mtoto anaweza kuingia chini yake.

Kama nyumba yenyewe ndiyo huiamini, usisubiri usiku wa manane. Wingu likionekana jioni, hamia kwa jirani mwenye nyumba nzuri. Aibu ya kuomba hifadhi inapita asubuhi.

Kama uko njiani, usikimbilie chini ya mwembe. Najua Tabora ni mji wa miembe, kivuli chake tunakipenda sote, na kila mvua ikianza unaona watoto wa shule wamejipanga chini yake. Matawi yanavunjika na radi inapenda kitu kirefu. Waambie watoto wenu leo: mvua ya radi, ingia kwenye nyumba yoyote iliyo karibu, hata kwa usiyemjua. Nyaya za umeme zilizoanguka, asizisogelee hata kama zimelala kimya.

Na hili naomba mlishike: mtu aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse mara moja, dhoruba haikurushi wewe kupitia kwake. Kama hapumui, mlaze chali kwenye sehemu ngumu, weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine anatafuta usafiri. Wapo wanaopona kabisa wakiwahiwa. Watu wakisimama mbali wakibishana kama ametumiwa, dakika zake zinaisha.

8/8

Baada ya dhoruba ndipo kazi yangu inapoanza, na ningependa niipate iwe ndogo.

Kichanga kilicholowa. Mtoto mchanga anapoteza joto haraka kuliko unavyofikiri, hata hapa kwetu. Joto lake likishuka chini ya nyuzi 36.5 ameshapoa. Mvue nguo mbichi zote, mkaushe, mvalishe kofia, soksi na nepi kavu, kisha mweke kifuani kwako ngozi kwa ngozi, mfunge na khanga na blanketi juu. Baba naye ana kifua, anaweza. Mnyonyeshe. Usimwogeshe. Akigoma kunyonya, akilegea, au miguu na tumbo vikibaki baridi baada ya saa moja, mlete hospitali akiwa hivyohivyo kifuani.

Jiko la mkaa ndani. Usiingize kwenye chumba kilichofungwa ili kupasha watoto joto. Hewa yake ya sumu haina rangi wala harufu, inawalaza na hawaamki. Msiba juu ya msiba.

Bati limemkata. Osha kwa maji safi na sabuni, gandamiza kwa kitambaa safi. Usiweke tumbaku, majivu wala kahawa. Njoo na kadi ya chanjo tuangalie kinga ya pepopunda.

Amepigwa kichwani. Anatapika tena na tena, anasinzia isivyo kawaida, amepata degedege, au damu na majimaji yanatoka puani au masikioni: usisubiri asubuhi. Kama ameangukiwa na ukuta, mbebe akiwa amenyooka juu ya ubao au mlango, shingo isiyumbe.

Maji ya kunywa. Chemsha, hata kama kisima kinaonekana safi. Mafuriko yanapita chooni kabla hayajafika kisimani.

Siku nyingine zile video za theluji zikirudi kwenye kundi lenu, angalieni mapaa yao. Yamechongoka sana ili theluji iteleze ishuke. Hakuna aliyewaambia kuwa theluji itaacha kuja. Waliambiana tu kwamba itakuja, kwa hiyo wajipange. Na sisi mvua ya mawe itakuja. Labda siyo mwaka huu, labda siyo kijiji chako, ila itakuja.

Sasa weka simu chini, uende ukaangalie mwanao kalala upande gani, na ukuta ule uuguse kwa mkono. Ukirudi niandikie hapo chini umekuta nini. Wenye ufa tutaongea kwanza. Na fundi yeyote wa Tabora anayejua kufunga kenchi vizuri kwa gharama nafuu, aweke maelezo yake kwenye maoni, kazi zipo.

Mbarikiwe, usiku mwema.